Jinsi ya kupeleka ngoma yako redioni ipigwe (mfano Clouds FM)

Wasanii wengi chipukizi wakitoka studio leo, kesho ngoma imeshaenda kwa kila mtangazaji wanayemjua, halafu kimya, wanaanza kusema redio ina wenyewe. Kwa ninavyoona mimi shida mara nyingi ni kwamba ngoma imepelekwa kwenye kipindi ambacho sio chake.

Kwa hiyo kabla hujatuma chochote sikiliza hiyo redio wiki nzima, asubuhi mpaka usiku, na uandike. Chukua Clouds FM ya Dar. Hii redio chimbuko lake ni disko, kina Joseph Kusaga walioianzisha walikuwa wanapiga muziki kwenye kumbi kabla ya kuingia hewani mwishoni mwa miaka ya 1990, na hapo sheria ya utangazaji ya 1993 ilishafungua mlango kwa redio binafsi, Radio One ikatangulia 1994. Baadaye likaja tamasha lao la muziki la Fiesta likazunguka mikoani, na marehemu Ruge Mutahaba, bosi mwingine wa Clouds, akaanzisha THT (Tanzania House of Talent) kulea vipaji. Ukijua hayo unaelewa kwamba pale muziki ndio roho ya kazi, ila sio kila saa.

Power Breakfast asubuhi ni habari, magazeti na mijadala, wewe msanii mpya usianzie huko. Leo Tena inagusa sana familia na mahusiano, wimbo wa taratibu wenye stori ya nyumbani unakaa vizuri hapo. XXL ya mchana ndio ya vijana, ngoma za kuchangamka na burudani. Jahazi ni jioni, watu wako kwenye foleni wanarudi makwao. Ratiba zinabadilika na watangazaji wanahama, ndio maana nasema sikiliza mwenyewe, usitegemee ya kuambiwa.

Sasa faili. Tuma WAV au MP3 ya 320 kbps, usitume uliyoipakua YouTube, kwenye spika kubwa inajulikana tu. Kama unatuma kwa WhatsApp itume kama dokumenti. Faili liandike jina lako, jina la wimbo, namba ya simu, sio "final final 3". Kama kuna matusi fanya redio edit kabisa, yaani toleo lisilo na matusi, usimwachie DJ akukatie, hana muda huo na TCRA, wasimamizi wa utangazaji, wanabana kweli.

Halafu angalia intro! Mtangazaji anaongea juu ya biti mpaka sauti yako iingie, anataja jina lako, anataja wimbo, anatoka ndio unaingia. Sekunde kumi hivi zinamtosha, ukimwekea dakika nzima ya kinanda atapiga ya mwingine, na ukiingia na sauti sekunde ya kwanza hana pa kukutambulisha. Wimbo mzima dakika tatu hivi inatosha.

Meseji iwe fupi: Habari kaka fulani, mimi ni fulani wa Mbagala, naomba usikilize hii, naona inafaa segmenti yako ya wasanii wapya. Basi. Usimpigie akiwa hewani, na usimsumbue kila siku, subiri wiki ndio umkumbushe kwa heshima. Akitokea mtu anakudai hela ili ipigwe, achana nae, peleka kwenye redio ya mkoani kwenu, kule ushindani ni mdogo na watu wako wa kwanza ndio wapo huko.

Na kabla ya yote haya kasajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukishasambaa bila usajili kudai haki yako baadae ni shughuli.