Windows inazima ovyo baada ya kusafishwa virusi: pa kuanzia

Programu ya kuondoa virusi hufuta faili. Mara nyingi huyaacha maagizo yaliyokuwa yakiiita faili hiyo kila Windows ilipowaka, na huwa hairudishi faili halali ambayo kirusi kiliiharibu. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa nzito lakini inafanya kazi inasafishwa leo, kesho inaleta skrini ya bluu, inajizima, au inaishia kwenye weusi mtupu. Hapo wengi hukimbilia kuweka programu ya pili na ya tatu ya kusafisha. Usifanye hivyo, kila moja inaweza kuongeza draiva zake (programu ndogo zinazofanya kazi ndani kabisa ya Windows) juu ya mfumo ambao tayari unayumba.

Anza kwa kunakili hati na picha kwenye diski ya nje. Faili za .exe na .scr ziache zilipo, maana kuna virusi vinavyojipandikiza ndani yake. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoisimba diski nzima, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 sasa hivi. Ukishaingia kwenye mazingira ya urekebishaji Windows inaweza kuudai, na bila huo hugusi kitu.

Pata namba ya kosa

Kwa kawaida Windows hujiwasha upya kabla hujamaliza kusoma skrini ya bluu. Bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, fungua Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery. Ondoa tiki kwenye Automatically restart, na hapohapo chagua Small memory dump. Kuanzia hapo kila skrini ya bluu itaacha faili ndogo ndani ya C:\Windows\Minidump. Programu zile za "kufuta takataka" huifagia folda hiyo, kwa hiyo zisimamishe mpaka kazi iishe.

Andika pia perfmon /rel kwenye Windows+R. Utaona kalenda yenye alama nyekundu kila siku mfumo ulipoanguka. Kama alama zilianza kabla ya siku ya kusafisha, usafishaji hauna kosa, tafuta kwingine.

Kwenye Event Viewer, kitabu cha matukio cha Windows, utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Wengi husoma jina hilo wakakimbilia kubadili pawasaplai. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri. Fungua Details uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mara nyingi hakukuwa na skrini ya bluu: umeme ulikatika, joto lilizidi, au mashine iliganda ukaizima kwa kidole. Ikiwa ni namba nyingine, kumbuka imeandikwa kwa desimali, wakati namba za skrini ya bluu huandikwa kwa heksadesimali zikiwa na 0x mbele, hivyo 239 ndiyo 0xEF, na 123 ndiyo 0x7B.

Faili ya minidump ifungue kwa WinDbg, chombo cha kuchambua faili hizo kinachopatikana bure kwa Microsoft, kisha andika !analyze -v. Angalia jina lililo mbele ya IMAGE_NAME. Likiwa jina la draiva ngeni linaloishia na .sys, umeshika ncha ya uzi. Likiwa ntoskrnl.exe, yaani kiini cha Windows, usiilaumu Windows haraka. Hiyo ndiyo iliyotoa taarifa, na mkosaji mara nyingi ni mwingine.

Baadhi ya namba zina uzito wa pekee baada ya usafishaji. 0x7B maana yake Windows haiifikii diski yake ya kuwakia, na chanzo cha kawaida ni draiva ya diski iliyofutwa huku rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) bado inaiita. 0xC000021A na 0xEF huja pale mchakato muhimu wa mfumo unapokufa, kwa kawaida kwa sababu ya faili ya mfumo iliyoharibika. 0x109 isikupite: kinga ya ndani ya Windows imegundua kwamba kiini cha mfumo kimechezewa. Inaweza kuwa RAM mbovu, lakini baada ya virusi, fikiria kwanza kwamba kirusi bado kimo. 0x124 huelekeza kwenye vifaa vyenyewe.

Hali salama inakugawia tatizo sehemu mbili

Hali salama (Safe Mode) ni Windows iliyowashwa na draiva za msingi tu. Kuifikia, shikilia Shift huku ukibofya Restart. Pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Windows isipofika huko, izime kwa kitufe cha umeme mara inapoonyesha nembo. Ukirudia mara mbili au tatu, itafungua ukurasa wa urekebishaji yenyewe.

Iache ikae humo muda mrefu kuliko ule ambao kwa kawaida huchukua kabla ya kuanguka. Ikitulia, mkosaji kwa kawaida ni draiva au programu isiyo ya Microsoft. Ikianguka hata humo, ruka uende kwenye faili za mfumo, diski na RAM.

Kwa hali ya kwanza, chombo bora ni Autoruns ya Sysinternals, programu inayoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows. Iendeshe kama msimamizi na uwashe Hide Microsoft Entries kwenye menyu ya Options. Mistari ya njano inaita faili ambazo hazipo tena, na baada ya usafishaji hutakosa kadhaa. Pitia Drivers, Services, Scheduled Tasks, Winlogon na AppInit. Ondoa tiki, usifute. Ukikosea, kurudisha tiki ni kubofya mara moja. Wala si kila njano ni kirusi, programu halali nazo huacha masalia zikiondolewa.

Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

fltmc filters

Orodha inayotoka ni ya draiva zinazochuja kila faili inayofunguliwa. Tazama safu ya Altitude: zinazoanza na 32 na kuwa na tarakimu sita ni za antivirusi. WdFilter ni Defender, antivirusi ya Windows yenyewe. Ukikuta jina la pili hapo, hasa la antivirusi uliyodhani umeiondoa, ndilo la kushughulikia kwanza. Tumia chombo cha kuondolea kinachotolewa na mtengenezaji wake, ukiwa kwenye hali salama. Uninstall ya kawaida mara nyingi ndiyo iliyoiacha draiva hiyo.

Dalili mbili za rejista

Unaweka nywila, Windows inakukaribisha, halafu papo hapo inakutoa. Au unaingia lakini unaona weusi na mshale wa kipanya tu. Yote mawili yanaanzia sehemu moja, ambayo utaifungua kwa regedit:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon

Userinit iwe C:\Windows\system32\userinit.exe, pamoja na mkato wa mwisho. Shell iwe explorer.exe, basi. Chochote kilichoongezwa mbele au nyuma ni mabaki. Ukikwama kwenye weusi, Ctrl+Shift+Esc huleta Task Manager, na humo unaweza kuendesha explorer.exe au regedit kwa mkono.

Kuhusu UpperFilters na LowerFilters, thamani za rejista zinazotaja draiva zinazokaa juu au chini ya draiva ya kifaa kama kibodi au diski: kuna ushauri umezagaa kwamba uzifute tu. Ni ushauri wa hatari. Kwenye kibodi, UpperFilters lazima ibaki na kbdclass. Kwenye kipanya, mouclass. Kwenye diski, partmgr. Futa jina geni peke yake, uache hayo. Ukifuta thamani nzima ya kibodi, ukiwasha tena hutaweza hata kuandika nywila.

Faili za mfumo, kwa mpangilio huu

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

DISM hutangulia kwa sababu hurekebisha ghala ambalo sfc huchota faili nzima. Ukianza na sfc huku ghala limeoza, itakuambia imeshindwa kurekebisha baadhi ya faili, na majina yake yatakuwa kwenye C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log. DISM inahitaji intaneti na inaweza kusimama muda mrefu kwenye asilimia moja. Usiifunge.

Intaneti ikigoma, endesha netsh winsock reset, uwashe upya, na ukague proksi (kompyuta ya kati ambayo intaneti yako hupitishwa) kwenye Settings. Virusi hupenda kuacha anwani zao hapo.

Diski na RAM ni mambo mafupi. Chkdsk C: /f inatosha kwa kuanzia. Event Viewer ikionyesha tukio namba 7 la disk, diski ina vipande vibovu: nakili data kwanza, maana chkdsk yenye /r, inayotafuta vipande hivyo, huisukuma diski inayokufa kwa saa nyingi. RAM ipime kwa mdsched.exe, au MemTest86 ikiachwa usiku kucha.

Ikishindikana

Sakinisha Windows juu ya ileile: pakua ISO (faili ya usakinishaji) ya Microsoft yenye lugha na toleo lilelile, endesha setup.exe ukiwa ndani ya Windows, uchague kuacha faili na programu. Hii hubadilisha faili za mfumo zote bila kugusa hati zako. Haifai kabisa ikiwa kirusi kilikuwa cha kuambukiza faili za .exe, kama Sality au Virut, au kama uchunguzi wa Microsoft Defender Offline bado unakuta kitu. Hapo futa sehemu zote za diski na usakinishe upya kwa flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine, na nywila zako uzibadilishe kutoka kifaa kingine pia.

Mashine ikitulia kwa siku kadhaa, rudi sysdm.cpl, System Protection, Configure, ufute pointi za zamani za kurejesha mfumo (restore points), kwani huenda zimebeba kirusi kilekile. Kisha tengeneza moja mpya.