Somo: Bakuli moja la chuma, ala nzima ya sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa)

Kabla hujapakua maktaba nyingine ya sauti, tafuta bakuli la chuma lenye ukingo mwembamba. Kwa muziki wa ambienti, ule wa taratibu wa kujaza mazingira, linatosha.

Hatua ya 1: Kurekodi
Sugua ukingo kwa upinde wa fidla, kisha ugonge kwa kidole. Kama kinasa chako kinaweza, tumia biti 24 na kilohezi 96. Ukishusha sauti oktava 2, masafa yote hugawanywa kwa 4. Rekodi hushika masafa hadi nusu tu ya namba yake, kwa hiyo ya kilohezi 48 (yaani hadi 24) itabaki na kilohezi 6 tu juu, kama imefunikwa blanketi. Ya 96 itabaki na 12, ilimradi maiki yako inanasa hayo ya juu. Mlio uache ufe wenyewe.

Hatua ya 2: Kusafisha
Kata kimya cha mwanzoni, basi. Niliwahi kuondoa mvumo wa chumba kwenye sampuli zote, mikia ya sauti ikawa inakatikakatika. Nikarekodi upya.

Hatua ya 3: Kupanga kwenye kibodi
Faili la SFZ, linaloiambia programu ya ala sampuli ipi ilie kwenye noti zipi, ni maandishi matupu, unaliandika hata kwenye notipadi. Chini ya kichwa cha region, taja faili la sauti kisha:
lokey=48 hikey=65 pitch_keycenter=60 loop_mode=loop_continuous
lokey na hikey ni noti ya chini na ya juu, pitch_keycenter ni noti asilia ya sampuli, na loop_mode huirudia sauti bila kukoma. Namba 60 ni C ya kati. Anayetafuta piano halisi huweka sampuli kila nusutoni 3 hivi. Sisi tunaivuta sampuli moja mbali na noti yake makusudi, maana kule sauti inakoharibika ndiko kwenye utamu.

Hatua ya 4: Lupu
Lupu ni kipande cha sampuli kinachojirudia. Hapa ndipo ala nyingi hufia. Lupu ya sekunde 2 sikio huigundua mara moja. Kata ndefu, tena zisilingane. Tuseme una sampuli 3 zenye lupu za sekunde 7, 11 na 13. Ukizianzisha pamoja, kila moja kwenye noti yake asilia, zitakutana tena mwanzoni baada ya sekunde 1001, karibu dakika 17. Umeshika noti 3 tu, na muziki unajigeuza wenyewe.

MASWALI

Mkuu, simu inafaa?
Inafaa, ila tumia programu inayokuruhusu kuzima upunguzaji wa kelele. La sivyo itadhani mkia wa mlio ni uchafu na kuufuta.

Lupu yangu inatoa "tik" kila ikirudi.
Kata pale wimbi linapovuka sifuri, halafu fifisha mwisho juu ya mwanzo.

Nimefanya hivyo, tik imeisha, sasa sauti inazama kidogo pale kwenye maungio.
Umetumia mteremko ulionyooka (linear) wa kufifisha. Sauti mbili zisizofanana zikipishana hivyo hupungua desibeli 3 katikati. Chagua mkunjo wa nguvu sawa (equal power).

Zitakula nafasi kiasi gani?
Sterio ya biti 24, kilohezi 96, ni megabaiti 34.6 kwa dakika. Mpigo wa kidole unaweza kuuweka mono. Ule wa upinde uache ulivyo.