Hati za wazee zipigwe picha kabla ya masika

Jamani, kama nyumbani kwenu Mji wa Kale kuna sanduku la hati za wazee, iwe ni barua za herufi za Kiarabu, daftari la biashara au cheti cha ndoa cha kadhi, zipigeni picha sasa. Joto la Mombasa na unyevu wa bahari hulea ukungu, na mchwa hangoji mtu.

Simu yatosha. Weka karatasi mezani karibu na dirisha, pasipo jua kali, zima flashi, kisha shika simu sambamba na karatasi, isiende mshazari. Rula iwe pembeni ili ukubwa halisi uonekane. Piga pande zote mbili, hata ule unaoonekana mtupu: nyuma ndiko mara nyingi kuna muhuri, au jina la aliyepokea, na anayetafuta nasaba au mpaka wa kiwanja atataka hicho hasa. Mikono safi na mikavu inatosha.

Tafadhali sana, msibandike selotepu wala msipeleke kutiwa plastiki ya moto. Gundi hugeuka manjano, huitia karatasi madoa, na kuibandua ni kuichana.

WhatsApp hubana picha hata herufi ndogo zikapotea, kwa hivyo zitumeni kama dokumenti. Nakala moja ikae kwenye diski ya nje, nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Halafu mketi na mzee anayejua kuzisoma, mumrekodi sauti akisoma na kutaja kila jina ni la nani.