Somo: Namna ya kuiandikia AI maelezo ya picha, kuanzia sahani ya ngege hadi picha ya marehemu

Andika "picha nzuri ya samaki wa Kisumu, ya kuvutia" kwenye programu ya kutengeneza picha kwa AI, kisha utazame utakacholetewa. Mara nyingi ni mnofu wa rangi ya waridi juu ya majani ya saladi, uma unaometameta pembeni, na nyuma yake dirisha la hoteli ambayo haipo popote kando ya Ziwa Victoria. Mama anayeuza ngege (tilapia) wa kukaanga pale ufukweni Dunga hawezi kubandika picha hiyo kibandani kwake. Wateja watamcheka.

Tatizo ni kwamba "nzuri" haina umbo na "ya kuvutia" haina rangi. Programu hizi zimefunzwa kwa picha nyingi mno zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maelezo yake. Mkusanyiko mmoja maarufu wa mwaka 2022, LAION-5B, ulikuwa na jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maneno. Sehemu kubwa ya picha hizo haikupigwa huku kwetu. Pale unaponyamaza, mashine hujijazia ilichozoea kuona. Kwa hiyo andika kinachoonekana kwa macho, kana kwamba unamwelekeza kwa simu mpiga picha ambaye hajawahi kuvuka Bonde la Ufa.

Nitatumia mfano wa bango la kibanda cha samaki, maana ndiyo kazi inayoletwa sana. Unaweza kufuata ukiwa na Midjourney, Stable Diffusion, ChatGPT au Gemini. Vitufe vinatofautiana, lakini namna ya kueleza ni ileile.

Hatua ya 1: Picha itakaa wapi?

Hili ndilo la kwanza, kabla hujataja samaki. Status ya WhatsApp ni ya wima, 9:16. Menyu ya A4 ina umbo lingine, na bango la ukutani huenda likawa la kulala. Midjourney huandikiwa --ar 9:16 mwishoni. Zile za mazungumzo, yaani ChatGPT na Gemini, unaziambia tu "picha ya wima, 9:16". Ukitengeneza mraba halafu uukate baadaye, kitakachokatika ni kichwa cha samaki. Sema pia nafasi ya maandishi itakuwa wapi: "theluthi ya juu ibaki tupu, ukuta mtupu wa rangi moja."

Hatua ya 2: Eleza kitu kwa umbo lake

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Hii ni prompti (maelezo unayoiandikia mashine) ninayoanza nayo:

"Picha ya kamera, si mchoro. Tilapia mzima aliyekaangwa kwa mafuta mengi hadi akawa kahawia iliyokolea, kichwa na mkia vipo, ubavuni amechanjwa mara tatu kwa mshazari, ngozi kavu yenye ukoko. Yuko kwenye sinia ya chuma ya duara. Kando yake kuna ugali mweupe wa mahindi, mgumu, wenye umbo la kuba, na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba sana. Kachumbari ya nyanya na vitunguu vyekundu. Meza ya mbao iliyotumika miaka mingi. Mkono wa mtu unamega ugali."

Angalia yale machanjo ubavuni. Wakaanga samaki wengi huchanja ili mafuta yaingie, na yeyote aliyewahi kula samaki hapa huyatafuta kwa jicho hata kama hajui kwamba anayatafuta. Ukiyaacha, unapewa samaki laini kama sanamu. Ugali nao, usiposema "mgumu" na "umbo la kuba", unageuzwa viazi vilivyopondwa. Sukuma isipokatwa nyembamba huja majani mazima, na hapo mteja atakuuliza kama hiyo ni mboga au ni ua la mapambo.

Majina ya mahali yana faida yake, ila yaje baada ya umbo. "Ziwa Victoria" italeta maji na mashua, sawa, lakini ikiachwa peke yake huburuta pia nyumba za makuti, mti wa mgunga na anga la rangi ya chungwa, mambo ya kadi za watalii. Ukitaka mashua za Dunga zieleze: za mbao, ndefu, zimepakwa rangi kwa mistari mipana, ubao wa mbele umechongoka na kujitokeza juu ya maji. Na usione haya kuweka magugu maji. Ziwa letu lina magugu maji, na picha isiyo nayo kabisa mara nyingine huonekana ni ya nchi nyingine.

Hatua ya 3: Mwanga na saa

Ikweta inapita karibu na Maseno, kwa hiyo adhuhuri jua linakuwa juu ya utosi na vivuli vinajikunyata miguuni. Ukitaka picha ya soko la Kibuye saa saba mchana, andika hivyo: "jua kali la juu, vivuli vifupi". Usipoandika, utapewa ule mwanga wa dhahabu wa jioni ambao mashine huumwaga kila mahali.

Tena, Kisumu iko mwisho wa mashariki wa Ghuba ya Winam. Kutoka ufuo wa mjini jua huzama upande wa ziwa; halichomozi majini. Nimeona tangazo limeandikwa "Amka na Kisumu" huku jua likiwa limekaa juu ya maji. Mvuvi atacheka kabla hajasoma unachouza.

Kwa chakula, mwanga wa kutoka ubavuni unatosha: "mwanga wa mlangoni kutoka kushoto, moshi kidogo wa makaa nyuma".

Hatua ya 4: Kamera

Sinia yenye vitu vingi ipigwe kutoka juu moja kwa moja. Mtu apigwe kwa kimo cha macho. Sema kama ni karibu sana au ni mbali, basi.

Hatua ya 5: Usichokitaka

Ukiandika "bila uma", mara nyingi uma unakuja. Jina la kitu lenyewe hukivuta. Ni heri useme kilichopo mahali pake: mkono unamega ugali, kwa hiyo uma hauna kazi. Stable Diffusion ina kisanduku tofauti cha mambo yasiyotakiwa, na Midjourney ina --no. Hapo ndipo pa kuandika uma. Zile za mazungumzo siku hizi zinaelewa katazo vizuri zaidi, ila bado husahau.

Hatua ya 6: Badilisha jambo moja kwa wakati

Kwenye Stable Diffusion na Midjourney, picha huanzia kwenye chengachenga zisizo na maana, kama televisheni ya zamani isiyo na stesheni, kisha mashine huzisafisha polepole ikifuata maneno yako. Chengachenga hizo zina namba ya mbegu (seed) inayozitambulisha. Ukiishikilia namba hiyo, ukaacha mipangilio vilevile na kubadilisha neno moja tu, utaona neno hilo linafanya nini. Ukibadilisha maneno kumi kwa mpigo hutajua lipi lilikusaidia. Prompti iliyofaulu ihifadhi kwenye simu.

Hatua ya 7: Kuhariri picha uliyo nayo

Hapa prompti iwe na pande mbili: kibadilike nini, na kibaki nini. Tuseme una picha ya kinyozi wa Kondele na nyaya za umeme zimekatiza juu ya duka. Andika: "Ondoa nyaya zilizo mbele ya anga. Acha maandishi ya juu ya mlango, rangi ya ukuta, watu na nguo zao vilevile vilivyo." Bila ile sentensi ya pili utashangaa mlango umepakwa rangi mpya na jina la duka limegeuka lugha isiyojulikana. Programu ikiwa na brashi ya kuchagua eneo, paka kwenye nyaya tu.

Programu nyingi za mazungumzo huichora picha yote upya kila unapoomba kitu. Ukiomba mara nyingi mfululizo sura za watu zinayeyuka kidogo kidogo. Rudi kwenye picha ya awali, andika maombi yote pamoja, uanze tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kakamega: Mwalimu, niandike kwa Kiswahili au Kizungu?

Jibu: Inategemea programu. Stable Diffusion ya kwanza, ya Agosti 2022, ilifunzwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza, tena msomaji wake wa maneno ana kikomo cha vipande 77. Neno la Kiswahili hukatwakatwa vipande vingi na nafasi inaisha upesi. Hiyo iandikie Kiingereza. ChatGPT na Gemini ziandikie Kiswahili, ila kwanza ziambie: "Kabla ya kuchora, nieleze ulivyoelewa." Ukiona karai limegeuka beseni, sahihisha hapo hapo.

Mama wa kibanda, Dunga: Bango langu lilitakiwa kusema SAMAKI WA KUKAANGA. Limetoka SAMAKKI WA KUKAANA. Sasa nakaana na nani?

Jibu: Mama, umenichekesha. Acha nafasi tupu kama tulivyosema hatua ya 1, kisha weka maandishi mwenyewe kwa Canva au programu yoyote ya mabango. Za kisasa huweza maneno mafupi ukiyatia kwenye alama za kunukuu, lakini bei, namba ya simu na namba ya till usiiachie AI kamwe. Tarakimu moja ikipinda, pesa ya samaki wako inaingia kwa mtu mwingine.

Mwenye saiba, Nyalenda: Mwalimu, familia imeniletea picha ya pasipoti ya marehemu babu yao, ya zamani, ina doa la maji shavuni. Nikiiambia AI isafishe inatoka safi kabisa, lakini shangazi zao wanasema huyo si yeye. Mazishi ni Jumamosi.

Jibu: Poleni. Hao shangazi wana haki. Mashine haifukui sura iliyofichika chini ya doa. Pasipo na pikseli (vinukta vinavyounda picha) inakisia, na inakisia kwa sura za watu wengine. Halafu ina tabia ya kulainisha makunyanzi na kung'arisha ngozi, na mzee wa miaka themanini anabaki kijana asiyejulikana na mtu.

Fanya hivi. Usiipige picha kwa simu chini ya balbu. Iskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Kama ni ya sentimita 3.5 kwa 4.5, hapo utaweza kuichapa kwa ukubwa wa sentimita 7 kwa 9 kwa dpi 300 bila AI yoyote, na kwenye jalada la ratiba ya mazishi huo ni ukubwa wa heshima. Kisha chukua brashi, paka juu ya doa tu, na uandike: "Ondoa doa la maji. Acha macho, pua, mdomo, makunyanzi na rangi ya ngozi vilevile." Wakitaka avalishwe suti, paka kuanzia chini ya shingo, uso usiuguse. Chengachenga zikibaki, ziache. Waonyeshe shangazi kabla hujachapa hata nakala moja.

Mwanachama, Kisii: Nimetengeneza mtu wa boda, mkono mmoja una vidole sita.

Mwanachama, Kondele: Omera, mvalishe glavu tu!

Jibu: Glavu si wazo baya. Vinginevyo chagua mkono peke yake kwa brashi, uandike "mkono wa kulia umeshika usukani, vidole vinne vimeuzunguka, kidole gumba kiko chini", na uombe mifano kadhaa. Kagua pia namba ya pikipiki. Ifute kabisa, usije ukachapa namba ya mtu.

Dada wa saluni, Nakuru: Nina picha za wateja wangu. Naweza kuzipitisha kwa AI niwabadilishe mitindo ya nywele, niweke kwenye tangazo?

Jibu: Dada, waombe ruhusa kwanza, na ombi liwe la maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Uso wa mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. La zaidi, usitangaze msuko uliochorwa na mashine kana kwamba umeusuka wewe. Mteja atakuja ameshika simu anataka huo huo. Na wale wanaotaka kumweka mwanasiasa akila kibandani kwao: hapana, kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, na mimi kazi hiyo siipokei.

Mwanachama, Bungoma: Kwenye simu picha ni safi. Nikichapa A3 inakuwa ukungu.

Jibu: Picha nyingi za AI zinatoka na pikseli kama 1024 kwa 1024. Kwa dpi 300 hiyo ni chini ya sentimita 9 kila upande. A3 inataka 3508 kwa 4961. Kwa bango la kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara dpi 150 inatosha, yaani 1754 kwa 2480, kwa hiyo chagua ukubwa wa juu kabisa ambao programu yako inatoa, kisha uikuze kwa programu ya kukuza picha. Kwa samaki na ugali kukuza hakuna shida. Kwa sura ya mtu, rudi usome jibu la Nyalenda. Na unapoituma kwa mchapishaji, itume kama dokumenti, si kama picha, maana WhatsApp huibana na pikseli zako zinabaki njiani.