Redio ya intaneti kwenye laptopu kongwe, bila kivinjari

Mjomba wangu wa Mikindani alinishushia laptopu yenye RAM ya GB 1. Akalalamika: "Nikifungua redio tu inahema kama mbuzi aliyefukuzwa." Nikamwambia redio haina kosa. Kinachoilemea mashine ni kivinjari, na matangazo na picha zinazobebwa humo. Sauti yenyewe ni mzigo mdogo, hata kwa mashine hii.

Nilimwekea Debian 12 (mfumo endeshi wa bure wa Linux), maana mashine yake ni ya zamani, ya biti 32, na toleo la 13 halina tena kisakinishi cha mashine hizo. Kama yako tayari ina Debian, endelea.

Hatua ya 1. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), weka programu mbili, mpv ya kucheza sauti na alsa-utils ya kurekebisha sauti:

`sudo apt update`
`sudo apt install mpv alsa-utils`

Hatua ya 2. Hakikisha sauti haijafungwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, wakaanza kulaumu spika. Andika `alsamixer`. Utaona mistari ya sauti imesimama. Chini ya Master ukiona MM, imezibwa: bonyeza herufi m, MM igeuke 00, kisha pandisha kwa mshale wa juu. Kagua na Speaker pia. Ya mjomba ilikuwa na MM zote mbili, na alishaambiwa na fundi mmoja akanunue spika mpya! Toka kwa Esc.

Hatua ya 3. Jaribu stesheni. Mimi huanza na SomaFM, redio ya intaneti ya San Francisco, Marekani, kwa sababu haina longolongo:

`mpv --no-video http://ice1.somafm.com/groovesalad-128-mp3`

Kitufe cha 9 kinashusha sauti, 0 kinapandisha, m inanyamazisha, q inazima.

Stesheni za Kiswahili zitafute radio-browser.info, chuja kwa nchi, Tanzania. Kazi hiyo ifanye kwenye simu, ujitumie linki. Unachotaka ni linki ya mkondo wenyewe (sauti inayotiririka), si ya ukurasa wa stesheni.

Hatua ya 4. Piga hesabu ya bando. Wengi tunatumia hotspoti ya simu, kwa hiyo usiruke hapa. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB 58 kwa saa. Wa 64 unakula karibu MB 29. Mjomba anasikiliza saa nne kila jioni: kwa 128 ni MB 230 na ushee, kwa 64 ni nusu yake. Stesheni ikiwa na mikondo miwili, chukua mdogo. Kwa taarifa ya habari hutaona tofauti ya maana. Kwa taarab, sawa, utaisikia kidogo.

Hatua ya 5. Mtandao ukiwa wa kusuasua, mwambie mpv ajaze dumu kwanza kabla ya kuanza kumimina (penye LINKI weka linki ya stesheni yako):

`mpv --no-video --cache-pause-initial=yes --cache-pause-wait=20 LINKI`

Utasikiliza nyuma kidogo ya matangazo ya moja kwa moja, lakini mtandao ukipotea sekunde chache hutajua.

Hatua ya 6. Weka linki zako kwenye faili, kila moja mstari wake, kwa nano, programu ya kuandikia:

`nano ~/redio.m3u`

Kisha ongeza mstari huu mwisho wa `~/.bashrc`, faili ya mipangilio ya terminali:

`alias redio='mpv --no-video --playlist=$HOME/redio.m3u'`

Funga terminali, ifungue tena, andika `redio`. Alama ya > inakupeleka stesheni inayofuata, < inakurudisha.

Mjomba husinzia redio ikiwaka na bando linaisha usiku. Dawa yake ni hii:

`timeout --foreground 1h mpv --no-video LINKI`

Saa moja ikitimia inajizima. Usiiache `--foreground`, la sivyo vitufe vya sauti havitafanya kazi. Nilihangaika navyo jioni nzima.

Hatua ya 7. Kufunga kifuniko bila redio kukatika. Fungua `sudo nano /etc/systemd/logind.conf`, tafuta `#HandleLidSwitch=suspend`, iandike `HandleLidSwitch=ignore` bila alama ya #, hifadhi, washa upya mashine.

Sasa laptopu imekaa barazani kifuniko kimefungwa, juu yake kikombe cha kahawa. Hicho kikombe nimeshamkataza mara mbili.