Namna ya kuchezesha santuri ya kwanza ya Metallica katika nyumba ya Tanga

Mashine ya santuri niliyorithi kwa baba yangu mdogo hapa Ngamiani ilikuwa imezoea santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zile za Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na taarabu za Black Star, ambazo kila upande hubeba wimbo mmoja wa dakika chache. Nilipoiwekea "Kill 'Em All", albamu ya kwanza ya Metallica, bendi ya Marekani ya muziki wa metali, kwa mara ya kwanza, nyimbo za mwanzo zilisikika vizuri, lakini kadiri sindano ilivyosogea ndani matoazi yaligeuka kuwa mkwaruzo mtupu. Santuri haikuwa na kosa. Mashine ndiyo ilikuwa haijapimwa.

Albamu hiyo ya Metallica ilirekodiwa Rochester, katika jimbo la New York, mwezi Mei 1983, ikatolewa na kampuni ya santuri ya Megaforce tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Ina nyimbo 10 zenye urefu wa dakika 51 hivi, na upande wa kwanza peke yake, wenye nyimbo sita, unakaribia dakika 28. Huo ni urefu mkubwa kwa upande mmoja wa santuri ya mizunguko 33, kwa sababu mifereji hulazimika kubanana na sauti kukatwa kwa kina kidogo. Zaidi ya hayo, ukingoni mwa santuri mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde, ilhali karibu na lebo kasi hiyo hushuka hadi 21 hivi, na mawimbi yaleyale ya sauti hulazimika kusongamana katika nafasi ndogo. Sasa tazama wimbo uliowekwa hapo mwisho wa upande wa kwanza: ni "Whiplash", mmoja wa nyimbo zenye mbio kuliko zote katika albamu. Upande wa pili unafungwa na "Metal Militia", ambao nao hauna pumzi. Kwa hiyo mashine ipimwe kwa nyimbo hizo mbili, wala si kwa wimbo wa kwanza, ambao karibu kila sindano huumudu.

Kabla ya sindano, hakikisha kasi. Mashine za mitumba zinazoshuka bandarini huwa zimetoka nchi mbalimbali, na zile za mota inayofuata mapigo ya umeme, zilizotengenezwa kwa hezi 60 za Marekani, zitazunguka pole zikiwekwa kwenye umeme wetu wa hezi 50: badala ya mizunguko 33 na theluthi utapata kama 28, na gitaa zitasikika nzito kama zinatoka kisimani. Transfoma ya kushusha volti haiponyi tatizo hilo. Fundi abadilishe puli ya mota, au utafute mashine ya mota ya umeme wa moja kwa moja (DC), ambayo haifuati mapigo hayo.

Kisha iweke mashine juu ya meza isiyotikisika, mbali na spika, na uisawazishe kwa pimamaji ya seremala, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Waya mwembamba wa athi uunganishe na amplifaya, la sivyo mngurumo utakusumbua kila nyimbo zinapopishana.

Uzito wa sindano ndiyo kazi yenyewe. Mashine ya baba mdogo ilikuwa na sarafu ya shilingi iliyobandikwa kwa gundi juu ya kichwa cha sindano, desturi ya zamani ya kuizuia isirukeruke, na nilipoing'oa niliona sindano ilikuwa imelemewa hata kijiti chake kimepinda. Usifanye hivyo kamwe, maana uzito uliozidi hukwangua mifereji, na mfereji uliokwanguliwa haurudi. Sogeza uzani wa nyuma mpaka mkono unaobeba sindano uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, rudisha namba za uzani huo kwenye sifuri, halafu uzungushe hadi kiwango alichoandika mtengenezaji. Kwa kichwa cha Ortofon 2M Red ni gramu 1.8, kwa kile cha Audio-Technica AT-VM95E ni gramu 2. Ukipata mizani ndogo kama ya sonara, ithibitishe namba hiyo, kwani alama za mashine kuukuu hudanganya. Halafu tumia karatasi ya kupimia yenye nukta mbili, moja ikiwa sentimita 6.6 na nyingine karibu sentimita 12.1 kutoka katikati ya santuri, na unyooshe kichwa mpaka kilingane na mistari katika nukta zote mbili. Hapa ndipo "Whiplash" inapookolewa au inapopotea.

Unaposikiliza, usidanganyike na wimbo unaoitangulia "Whiplash". Ule ni uchezaji wa Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, kwenye gitaa lake, ngoma zikimfuata baadaye tu, na ukwaruzaji unaousikia ameutia mwenyewe kwa pedali. Wengi hudhani sindano imekwisha wakakimbilia kununua nyingine.

Usafi una masharti yake hapa pwani. Maji ya bomba au ya kisima, katika ardhi yetu yenye mawe ya chokaa, yakikauka huacha unga mweupe ndani ya mifereji. Tumia maji ya betri, lakini hakikisha ni yale yaliyotoneshwa tu na si asidi, yenye matone machache ya sabuni ya vyombo kwa lita, kisha suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mifereji; kanga mpya haifai kwa sababu ina wanga. Spiriti nayo iweke mbali ikiwa kabatini mna santuri za kale za mizunguko 78, za zama za Siti binti Saad, kwa kuwa zile si za plastiki na spiriti huziyeyusha.

Santuri isimame wima kama kitabu, mbali na dirisha linaloingiza jua la mchana na mbali na ukuta unaolowa wakati wa masika. Jalada lenye nyundo na damu, pamoja na kile kivuli cha mkono, ni karatasi, na kuvu hulipenda. Vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya visanduku vya viatu vitalisaidia, ilmradi uvibadilishe. Ukimaliza kusikiliza, rudisha santuri kwenye mfuko wa ndani, kisha uuingize mfuko huo ndani ya jalada mdomo wake ukielekea juu, ili vumbi lisipate njia.