Namna ya kutumia kwa usalama matone ya iodini kwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi

Wengi wetu tumefundishwa kwamba iodini, au madini joto, ni kinga ya rovu, kwa hiyo mgonjwa ambaye tezi yake ya thairoidi tayari inazalisha homoni kupita kiasi hushangaa anapoandikiwa iodini hiyo hiyo kama dawa. Sababu ni kwamba kiasi kikubwa kikiingia kwa ghafla, tezi huzubaa: hupunguza kutengeneza na kutoa homoni, na damu inayopita ndani yake hupungua. Nafuu hiyo haidumu, kwani baada ya siku kadhaa tezi huizoea dawa na kurudia hali yake. Ndiyo maana kwa kawaida hutolewa kwa muda mfupi, hasa katika siku 7 hadi 10 kabla ya upasuaji wa tezi, na tarehe ya kuacha ni sehemu ya maagizo sawa na idadi ya matone.

Kabla ya yote, soma jina lililo kwenye chupa. Tone 1 la mchanganyiko wa Lugol, ulioitwa kwa jina la tabibu Mfaransa Jean Lugol, huwa na takribani miligramu 6 za iodini, ilhali tone 1 la maji mazito ya potasiamu ayodaidi yenye gramu 1 kwa kila mililita huwa na takribani miligramu 38. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku katika chakula. Aliyeambiwa “matone matano” bila kuangalia ni ya chupa ipi anaweza kujipa mara sita ya alichoandikiwa, na kwa maoni yangu hakuna kosa lililo rahisi kufanyika kuliko hili. Iodini ya kusafishia vidonda isinywewe kabisa, hata kama rangi yake inafanana na ya Lugol.

Pima kwa kidondoshi kilichokuja na chupa hiyo, ukikishika wima na kuhesabu kwa sauti, kisha dondoshea kwenye glasi ya maji, maziwa au juisi. Utaona nyuzi za kahawia za Lugol zikishuka hadi chini. Koroga mpaka zipotee, unywe yote mara moja, baada ya kula ili tumbo lisichafuke. Mrija husaidia meno yasipate madoa. Ukisahau dozi, inywe unapokumbuka, lakini ikiwa inayofuata imekaribia, iache iliyopita wala usizijumlishe.

Vidonge vya kuzuia tezi, kama karbimazoli, kwa kawaida hutangulia, na pale vyote viwili vinapohitajika kwa dharura, iodini hufuata baada ya angalau saa 1, la sivyo tezi inaweza kuigeuza iodini hiyo kuwa malighafi ya homoni mpya. Usiache vidonge hivyo kwa kudhani matone yamechukua nafasi yake. Mweleze daktari ikiwa una mimba, unanyonyesha, una ugonjwa wa figo, unatumia lithiamu, au unatumia dawa za presha zinazopandisha potasiamu mwilini, kama vile enalaprili na spironolaktoni.

Ladha ya chuma mdomoni, fizi kuuma, mafua yasiyoeleweka, chunusi na kuvimba kwa tezi za mate ni dalili kwamba iodini imezidi mwilini. Mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata. Uso au koo likivimba, pumzi ikibana, kinyesi kikiwa cheusi, au homa kali ikija pamoja na moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, nenda hospitali papo hapo.

Funga chupa vizuri na uiweke mbali na mwanga na watoto. Dawa iliyobaki irudishe kwa mfamasia, usimgawie ndugu mwenye uvimbe shingoni, kwa kuwa rovu lenye vinundu linaweza kuichukua iodini hiyo na kuanza kumwaga homoni ambazo hapo awali halikuwa likizitoa.